Bure, Huru na Huria: Historia ya Programu za Mashine Pepe na Prosesa Zinazozibeba, kwa Mtazamo wa Diaca, Kaskazini mwa Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya programu za kuunda mashine pepe kuanzia 1967 hadi 2025, na uhusiano wa programu hizo na uwezo uliojengwa ndani ya prosesa. Mjadala wa sera katika Afrika Mashariki umezoea kuuliza swali moja: je, programu ni ya kulipia au si ya kulipia? Makala yanaonesha kwamba swali hilo halitoshi. Programu iliyotolewa bure inaweza kuondolewa na mwenye nayo, na programu huria inaweza kushindwa kufanya kazi kwenye kompyuta ambayo prosesa yake haina msaada unaohitajika. Kwa kutumia mifano ya mifumo ya taarifa za afya nchini Msumbiji na Kenya, makala yanahitimisha kwamba uhuru wa taasisi ya umma juu ya kumbukumbu zake hutegemea leseni na maunzi kwa pamoja, na kwamba wilaya zinazojengwa upya baada ya vita ndizo zinazolipa gharama kubwa zaidi pale kimojawapo kinaposahauliwa.

1.0 Utangulizi

Diaca ni makao ya tarafa katika Wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, kwenye njia inayounganisha uwanda wa juu wa Mueda na pwani ya Bahari ya Hindi. Ni eneo ambalo Kimakonde, Kimwani na Kiswahili husikika sokoni, huku Kireno kikiwa lugha ya ofisi. Tarehe 5 Oktoba 2017 vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia vilishambuliwa, na huo ukawa mwanzo wa vita vilivyoenea katika wilaya za jirani. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ya mkoa huo. Agosti 2020 mji wa Mocímboa da Praia ukaangukia mikononi mwa waasi, na haukukombolewa hadi tarehe 8 Agosti 2021, na majeshi ya Rwanda na ya Msumbiji. Katika miaka hiyo ofisi za serikali, shule na vituo vya afya vilichomwa, viliporwa au viliachwa bila watu.

Pamoja na maisha ya watu na mali zao, kumbukumbu za umma nazo zilikuwa hatarini. Rejesta ya karatasi isiyo na nakala ikiungua, imekwisha. Kompyuta iliyofungiwa ndani yake kila kitu, yaani mfumo endeshi, programu na data, haina nafuu yoyote kuliko rejesta hiyo. Hapa ndipo mashine pepe inapopata umuhimu wake. Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Ina mfumo endeshi wake, kumbukumbu yake na diski yake, lakini kwa kompyuta mwenyeji diski hiyo ni faili moja au mafaili machache tu. Faili linaweza kunakiliwa, kubebwa hadi Pemba au Maputo, na kuamshwa huko kama lilivyokuwa.

Nakala hiyo, hata hivyo, haiamki popote pale. Lazima leseni iruhusu, lazima programu ya huko iweze kulisoma faili, na lazima prosesa ya huko iweze kuibeba mashine mgeni. Makala haya yanafuatilia jinsi masharti hayo yalivyojengeka kihistoria, na kwa nini sharti la mwisho, lile la prosesa, ndilo linalosahauliwa zaidi katika nyaraka za sera na za manunuzi.

2.0 Istilahi: Bure, Huru na Huria

Neno moja la Kiingereza hubeba maana ya kutolipia na maana ya kuwa na uhuru, na mkanganyiko huo umesababisha mabishano ya miaka mingi. Kiswahili hakina tatizo hilo. Kina neno *bure* kwa kisicholipiwa, na neno *huru* kwa asiyetawaliwa. Kireno, lugha rasmi ya Msumbiji, nacho hutenganisha *grátis* na *livre*. Kiswahili kinakwenda hatua moja zaidi, kwa kuwa *bure* humaanisha pia kazi isiyo na matokeo: mtu aliyekwenda ofisini asihudumiwe husema amekwenda bure. Historia itakayoelezwa hapa inaonesha kwamba maana hizo mbili hukaribiana kuliko inavyodhaniwa.

Neno la tatu, *huria*, limekwisha kuzoeleka katika matumizi ya umma. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinalitumia kwa maana ya kuwa wazi kwa wote. Soko huria ni soko lisilobanwa. Katika makala haya, *programu ya bure* ni ile isiyolipiwa lakini ambayo msimbo chanzo wake umefichwa. *Programu huru* ni ile inayompa mtumiaji haki ya kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuisambaza, kwa msimamo wa kimaadili ulioasisiwa na Richard Stallman na taasisi ya Free Software Foundation ya mwaka 1985. *Programu ya chanzo wazi* ni istilahi iliyopewa nguvu mwaka 1998 na Open Source Initiative, ikisisitiza zaidi manufaa ya kiutendaji ya kuuweka msimbo wazi. Kwa kuwa leseni za makundi haya mawili ya mwisho hulingana kwa sehemu kubwa, makala yanatumia *programu huria* kuyajumuisha yote mawili, na kuyatenganisha pale tu tofauti inapoathiri hoja.

Afrika Mashariki si mgeni katika mjadala huu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Tafsiri hiyo iliwezekana kwa sababu leseni iliruhusu programu ifunguliwe na kuandikwa upya kwa lugha nyingine bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote.

3.0 Maunzi na Msimbo Vilipokwenda Pamoja, 1967–1983

Mashine pepe zilizaliwa katika kituo cha utafiti cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani. Januari 1967 mfumo wa CP-40 ulianza kufanya kazi kwenye kompyuta ya System/360 Model 40 iliyofanyiwa marekebisho maalumu, kwa kuongezewa kifaa cha kutafsiri anwani za kumbukumbu. Mrithi wake, CP-67, ulitumia Model 67, kompyuta iliyotoka kiwandani ikiwa na uwezo wa namna hiyo. Mwaka 1972 IBM ilitangaza VM/370, na mashine pepe zikawa bidhaa rasmi ya kampuni.

Mwanzo huo una mambo mawili yenye uzito kwa mjadala wa leo. La kwanza ni kwamba tangu siku ya kwanza maunzi yaliisaidia programu. Haikuwa kazi ya programu peke yake. La pili ni kwamba mfumo wa CP-67 na mwenzake CMS ulitolewa kwa wateja bila malipo, pamoja na msimbo chanzo, ingawa bila ahadi ya huduma. Wateja waliurekebisha na kubadilishana marekebisho yao kupitia jumuiya yao iliyoitwa SHARE. Kwa hiyo hali ambayo leo huonekana kama uasi dhidi ya desturi ya biashara ndiyo iliyokuwa desturi yenyewe.

Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliweka kanuni ya kinadharia iliyoeleza ni kompyuta ipi inaweza kubeba mashine pepe kwa ukamilifu. Kanuni yao inaweza kufafanuliwa kwa mfano wa nyumba ya kupanga. Kila mpangaji anaweza kufanya lolote chumbani mwake, lakini akigusa swichi kuu ya umeme ya nyumba nzima, kengele lazima imlilie mwenye nyumba, naye aamue la kufanya. Vivyo hivyo, kila amri ya prosesa inayogusa au kufichua hali ya mashine nzima lazima ikatizwe na kukabidhiwa kwa programu msimamizi. Prosesa inayopitisha amri kama hizo kimyakimya haitimizi sharti.

Mwaka huohuo wa 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuiingiza hesabu ya Hazina kwenye kompyuta kuleta hasara. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini tukio hilo linaonesha mwelekeo mpana: sehemu kubwa ya ofisi za umma katika kanda hii haikupitia enzi ya kompyuta kubwa. Ilikutana na kompyuta kwa mara ya kwanza kupitia kompyuta ndogo za mezani. Urithi wa mashine pepe, pamoja na utamaduni wake wa kugawana msimbo, ulipita pembeni.

Utamaduni wenyewe nao ulikuwa unafungwa. Februari 1983 IBM ilitangaza sera ya kutoa programu bila msimbo chanzo. Septemba mwaka huohuo Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuunda mfumo endeshi ulio huru kikamilifu.

4.0 Prosesa Zisizokubali, 1998–2005

Kompyuta za mezani zilizoenea duniani zilitumia prosesa za familia ya x86, na prosesa hizo hazikutimiza kanuni ya 1974. Mwaka 2000 John Robin na Cynthia Irvine walizichambua amri za prosesa ya Pentium na kubaini kwamba amri 17 zilikiuka sharti. Mojawapo ni POPF: ikitolewa na programu isiyo na mamlaka, prosesa hupuuza sehemu ya amri hiyo bila kumjulisha yeyote. Katika mfano wa nyumba, mpangaji anagusa swichi kuu, taa hazizimiki, kengele hailii, na mpangaji anaendelea akidhani amezizima.

Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipata njia. Bidhaa yake ya 1999 ilisoma amri za mashine mgeni kabla hazijatekelezwa, ikazitambua zile za hatari, na kuzibadilisha papo hapo kwa amri salama. Mbinu hiyo ilihitaji utaalamu mkubwa, ililindwa kwa hataza, na msimbo wake ulifichwa. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walitoa Xen, programu huria iliyofuata njia nyingine: mfumo endeshi wa mgeni ulirekebishwa ili uombe huduma kwa msimamizi badala ya kutoa amri za hatari. Njia hii ilifaa kwa Linux, ambayo msimbo wake uko wazi. Haikufaa kwa Windows, kwa kuwa watu wa nje hawakuwa na haki ya kuurekebisha msimbo wake. Mwaka huohuo Fabrice Bellard alitoa QEMU, programu huria iliyoiga prosesa nzima. QEMU ilifanya kazi popote, lakini kwa mwendo wa polepole.

Kwa hiyo udhaifu wa prosesa ndio uliogawa soko. Ofisi iliyotaka kuendesha Windows ndani ya mashine pepe kwa kasi ya kuridhisha ilikuwa na njia moja kuu, nayo ilimilikiwa na kampuni. Leseni peke yake isingeweza kuibadili hali hiyo.

Ushindani ulipoanza kunusa karibu, bei ilishuka. VMware ilitoa VMware Player bila malipo mwishoni mwa 2005 na VMware Server mwaka 2006. Microsoft nayo iliondoa malipo ya Virtual Server mwaka huohuo wa 2006. Kwa vyuo na ofisi zenye bajeti finyu huu ulikuwa msaada wa kweli. Ulikuwa msaada wa bure, si wa huria: msimbo ulibaki umefichwa, na haki ya kuendelea kutumia ilibaki kwa mtoaji.

5.0 Msaada Ndani ya Prosesa na Kuzaliwa kwa KVM, 2005–2008

Novemba 2005 Intel ilitoa prosesa za kwanza za x86 zenye uwezo wa kubeba mashine pepe, na Mei 2006 AMD ikafuata. Kengele iliyokosekana ilikuwa imefungwa ndani ya prosesa.

Ni rahisi kudhani kwamba mabadiliko hayo yalileta kasi. Mwaka 2006 Keith Adams na Ole Agesen, watafiti wa VMware, walionesha kwamba mbinu ya zamani ya kutafsiri amri mara nyingi iliushinda msaada huo mpya kwa kasi. Kasi ilikuja baadaye, prosesa zilipoanza kusimamia pia kumbukumbu ya mashine mgeni: AMD mwaka 2007 na Intel mwaka 2008. Mapinduzi ya 2005 yalihusu jambo jingine. Kazi iliyokuwa ngumu mno, ambayo ilihitaji kampuni yenye hataza na wahandisi wengi, sasa ilifanywa na prosesa. Programu iliyobaki kuandikwa ilikuwa fupi.

Aliyeonesha hilo ni Avi Kivity wa kampuni ya Qumranet ya Israeli. Oktoba 2006 aliitangaza KVM, na Februari 2007 ikawa sehemu ya toleo la 2.6.20 la kiini cha Linux. KVM haikujaribu kuziba udhaifu wa prosesa za zamani. Ilidai msaada wa maunzi na kuacha mengine kwa Linux yenyewe. Mwezi huohuo Bellard alikiweka chini ya leseni huria kiongeza kasi cha QEMU kiitwacho kqemu, ambacho tangu 2005 kilikuwa kikitolewa bure bila msimbo. Mwezi mmoja kabla, kampuni ya Innotek ilikuwa imetoa toleo huria la VirtualBox. Xen nayo, kuanzia toleo la 3.0 la Desemba 2005, iliweza kubeba Windows bila kuirekebisha, mradi prosesa iwe na msaada.

Mfuatano huo wa miezi unathibitisha hoja kuu ya makala haya. Programu huria za mashine pepe zilistawi pale maunzi yalipoondoa ukiritimba wa utaalamu. Uhuru ulioandikwa katika leseni ulihitaji mlango uliofunguliwa ndani ya prosesa. Kwa mantiki hiyohiyo, yule ambaye prosesa yake haikuwa na mlango huo alibaki nje, hata kama leseni ilimkaribisha.

6.0 Kompyuta Zilizofika

Kompyuta nyingi za shule na ofisi za Afrika Mashariki katika muongo wa 2000 na ule uliofuata zilikuwa zimekwisha kutumika Ulaya na Marekani, ama zilikuwa za bei ya chini kabisa. Katika makundi hayo mawili ndimo prosesa zisizo na msaada zilimodumu kwa muda mrefu.

Sababu ilikuwa ya kibiashara. Intel haikuuweka uwezo huo katika prosesa zake zote. Core 2 Duo E6300 ya mwaka 2006 ilikuwa nao. Core 2 Duo E4300 ya mwaka 2007, yenye jina la familia ileile, haikuwa nao. Prosesa za Pentium Dual-Core za mfululizo wa E2000 hazikuwa nao, wala Atom N270 ya mwaka 2008, iliyotumika katika kompyuta nyingi ndogo za bei nafuu. Kwa macho kompyuta hizo hazikutofautiana. Hata pale uwezo ulipokuwapo, mara nyingi ulizimwa kwenye mipangilio ya BIOS, na mtumiaji asiyejua aliamini kwamba haupo.

Tatizo hilo liliigusa hata Microsoft. Windows 7 ya mwaka 2009 ilikuja na mashine pepe ya Windows XP iliyodai msaada wa prosesa. Machi 2010 kampuni ililazimika kutoa marekebisho yaliyoondoa sharti hilo. Kwa muda fulani programu nyingine zilivumilia prosesa dhaifu. Uvumilivu huo umekwisha. VirtualBox 6.1 ya Desemba 2019 iliondoa njia ya kufanya kazi bila msaada wa prosesa.

Njia moja ya kuepuka sharti hilo ilibaki, nayo ni kontena. Teknolojia kama LXC ya Linux hugawa mfumo endeshi mmoja katika vyumba vinavyojitegemea, bila kuunda mashine kamili. Kwa kuwa kiini ni kimoja, msaada wa prosesa hauhitajiki. Gharama yake ni kwamba vyumba vyote lazima vitumie kiini hichohicho cha Linux; Windows haiwezi kuishi humo. Kwa ofisi ambayo mifumo yake yote ni huria, gharama hiyo ni ndogo. Kwa ofisi iliyofungwa na programu moja ya zamani ya Windows, ni kubwa mno.

7.0 Mifumo ya Taarifa za Afya: Msumbiji na Kenya

Historia ya programu ya DHIS inaonesha jinsi mambo haya yalivyogusa utumishi wa umma. Mpango wa HISP ulianza Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo. Mwishoni mwa muongo huo ulifika Msumbiji, ambako Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kilishiriki, na majaribio yakafanyika katika mikoa ya Gaza, Inhambane na Niassa, huu wa mwisho ukipakana na Cabo Delgado. Toleo la kwanza la DHIS lilikuwa huria, lakini lilijengwa juu ya Microsoft Access. Kila wilaya iliyolitaka ilihitaji kompyuta yenye Windows na Office. Uhuru ulikuwa ghorofani, na msingi ulikuwa wa mtu mwingine. Waswahili husema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kuanzia mwaka 2004 programu iliandikwa upya kama DHIS2, kwa lugha ya Java na kwa leseni huria ya BSD, ili iweze kukaa kwenye seva yoyote. Msumbiji iliitumia kujenga mfumo wake wa taifa wa SIS-MA katika muongo wa 2010. Vituo vya afya huandika kwenye karatasi, na wilaya huingiza takwimu kwenye mfumo.

Kenya ndiyo iliyoonesha kwanza uzito wa mashine pepe. Mpango wa awali ulikuwa kuweka mifumo inayojitegemea wilayani. Kebo za chini ya bahari, ikiwemo SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009, pamoja na kuenea kwa intaneti ya simu, zilibadili hesabu. Mwaka 2011 Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuendesha DHIS2 nchi nzima kutoka seva moja, na kwa kuwa miundombinu ya ndani haikutosha, seva hiyo iliwekwa kwenye wingu la kukodi nje ya nchi. Wingu la namna hiyo ni mashine pepe ndani ya kompyuta za kampuni. Huduma ya EC2 ya Amazon, ambayo sehemu ya ujenzi wake ilifanyika Cape Town, ilianza mwaka 2006 juu ya Xen, na tangu 2017 imeelekea kwenye msingi wa KVM. Programu huria ikawa moyo wa biashara ambayo wateja wake hawauoni msimbo wala prosesa.

Uamuzi wa Kenya ulileta mafanikio na ulizua swali la mamlaka juu ya data za wagonjwa na za taifa. Kwa wilaya iliyo kwenye hali ya Mocímboa da Praia, seva ya mbali ina faida isiyo na mbadala: jengo likiungua, takwimu zilizokwisha kuingizwa zinabaki. Ina pia udhaifu wake: mnara wa simu ukianguka, wilaya haioni chochote. Jibu linalofaa ni nakala mbili, moja ya mbali na moja ya karibu, zinazoweza kubadilishana nafasi. Mashine pepe ndiyo inayoliwezesha jibu hilo, mradi kompyuta ya karibu iweze kuibeba.

8.0 Cha Bure Kinapoondolewa, na Huria Inapofikia Mpaka

Zawadi za 2006 hazikudumu. Msaada wa VMware Server ulikoma katikati ya 2011. ESXi, iliyotolewa bure tangu 2008, ilitumiwa na vyuo na ofisi nyingi ndogo duniani. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware. Desemba ikasitisha uuzaji wa leseni za kudumu, na Februari 2024 ikaiondoa ESXi ya bure. Aprili 2025 toleo la bure likarudishwa. Mwaka 2024 kampuni hiyohiyo ilikuwa imeifanya Workstation Pro kuwa ya bure, kwanza kwa matumizi binafsi na kisha kwa wote. Cha kuzingatia hapa si ubaya au wema wa kampuni. Milango ilifungwa na kufunguliwa bila mtumiaji kuwa na sauti, na taasisi iliyopanga kazi zake kwa miaka mitano haiwezi kuutegemea mlango wa namna hiyo. Hapo ndipo maana ya pili ya neno *bure* inapojitokeza.

Programu huria nazo zina mpaka wake. VirtualBox ni huria katika kiini chake, lakini tangu toleo la 4.0 la mwaka 2010 baadhi ya nyongeza zimewekwa chini ya leseni tofauti isiyoruhusu matumizi yote bila malipo. Zaidi ya hayo, prosesa yenyewe huendeshwa na msimbo mdogo wa ndani ambao ni siri ya mtengenezaji. Januari 2018 dunia ilipoambiwa kuhusu udhaifu wa Meltdown na Spectre, na Agosti mwaka huohuo kuhusu Foreshadow, ilibainika kwamba data za mashine pepe moja zingeweza kuvuja hadi nyingine. Wahandisi wa Linux waliweza kurekebisha sehemu yao. Sehemu nyingine ilihitaji marekebisho ya msimbo wa ndani kutoka Intel, nayo Aprili 2018 ilitangaza kwamba haitayatoa kwa baadhi ya familia za zamani, zikiwemo kadhaa za Core 2. Hizo ndizo prosesa zilizojaa katika kompyuta za misaada.

9.0 Mafunzo kwa Sera

Historia hii inatoa mafunzo manne kwa washauri wa sera wa kanda, hasa wanaoshughulika na ujenzi mpya wa ofisi za umma.

Kwanza, masharti ya manunuzi na ya kupokea misaada yataje uwezo wa prosesa kwa uwazi. Ukaguzi wake ni wa dakika moja: kwenye Linux, taarifa za prosesa huonesha alama ya *vmx* kwa Intel au *svm* kwa AMD. Alama isipoonekana, mipangilio ya BIOS ikaguliwe kabla kompyuta haijakataliwa.

Pili, leseni isipimwe kwa bei ya leo. Ipimwe kwa haki ya kuendelea kutumia, kunakili na kuhamisha pale mtoaji atakapobadili nia.

Tatu, mashine pepe zihifadhiwe katika miundo inayosomeka na programu zaidi ya moja. Kiwango cha OVF kimekuwapo tangu 2009, na QEMU ina chombo cha kugeuza diski za miundo mingi. Nakala ihamishwe ikiwa imezimwa, kwa kuwa mashine inayofanya kazi kwa kawaida haihamishiki kutoka prosesa ya Intel kwenda ya AMD. Urejeshaji ujaribiwe kabla ya dharura.

Nne, pale prosesa zisipokuwa na msaada na bajeti isiporuhusu nyingine, kontena zipewe nafasi ya kwanza, na programu zinazoifunga ofisi kwenye Windows ziorodheshwe ili ziondolewe kwa mpango.

10.0 Hitimisho

Kati ya 1967 na 2025 mpaka kati ya kinachomilikiwa na kinachogawanwa umehama mara kadhaa: kutoka msimbo uliokuwa wazi, kwenda hataza za kampuni, kisha ndani ya prosesa, na sasa kwenye wingu la kukodi. Juhudi za kuufikisha uhuria kwenye prosesa zenyewe zimeanza. Muundo wa RISC-V, ambao kanuni zake ni wazi kwa wote, uliidhinisha mwaka 2021 nyongeza yake ya kubeba mashine pepe. Matunda yake kwa ofisi za kanda hii bado yako mbali.

Wakati huo Diaca na tarafa nyingine za kaskazini mwa Cabo Delgado zinaendelea kurudishiwa ofisi, madarasa na zahanati. Kila kompyuta inayopelekwa huko ina prosesa, na prosesa hiyo huamua iwapo ofisi itaweza kuiamsha nakala ya kumbukumbu zake siku itakapoihitaji. Jambo hilo huamuliwa mapema, katika karatasi ya manunuzi, na mtu ambaye kwa kawaida hajawahi kufika Diaca. Ni kwake, kabla ya mwingine yeyote, historia hii inaelekezwa.